Viatu vya Raia kwa Raia

Jumatatu, 4 Agosti

Redio imesema, na kwa mara ya kwanza nimeipenda redio. Sheria mpya! Kuanzia sasa kazi zote ndogondogo ni za raia. Mtu wa nchi jirani anayeshona, anayenyoa au anayeuza chochote bila kibali, arudi kwao. Na vibali vyenyewe, kasema mtangazaji, vimesitishwa.

Nikamtazama Sindano kupitia dirishani. Yuko ng'ambo ya barabara, kibandani kwake, amezungukwa na wateja kama bwana harusi. Fundi viatu kama mimi. Alikuja zamani kutoka hiyo nchi jirani, watoto wake wote wamezaliwa hapa, na wateja wangu wote kawahamisha. Leo nimemwona mke wangu akivuka barabara na viatu vyake mkononi. Mke wangu wa ndoa! Nilipomuuliza, akasema amechoka kubandukwa na soli mbele za watu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeandika kibao kikubwa: VIATU VYA RAIA KWA RAIA. Nimekitundika mlangoni pamoja na bendera. Nikasubiri.

Akaja mwalimu mstaafu, akasoma, akauliza kama viatu vyake, vilivyotengenezwa nje, navyo vinahitaji kibali. Akacheka peke yake. Akavuka barabara.

Mchana mvua. Rangi ikaanza kuchuruzika. Sindano akaja mbio na turubai, akanisaidia kukifunika kibao. Alikisoma, nilimwona, neno kwa neno. Akafunga kamba ya mwisho, akarudi kazini kwake. Angenitukana ningejisikia vizuri zaidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda uhamiaji. Afisa aliniuliza shida yangu. Nikasema sina shida, nina taarifa. Akataka kujua huyo Sindano ni mtu wa namna gani. Nikasema mtu mbaya. Ubaya gani? Nikatafuta, nikakosa. Nikasema anashona mno.

Afisa akainamisha kichwa akaangalia viatu vyake. Nami nikaviangalia. Mshono ule naujua! Akashusha pumzi, akasema alikuwa anajifanya hajui, na sasa nimeshasema hawezi tena kujifanya. Hakunishukuru. Nilitegemea hata chai.

Jumatatu, 11 Agosti

Wamemchukua. Mkewe alifunga vyombo kwa shuka, sufuria zinaanguka. Watoto walikuwa wameshavaa sare za shule. Majirani walitoka wote.

Nilijibanza nyuma ya mlango lakini Sindano aliniona. Akaja na askari wake ubavuni, akanipa ufunguo wa kibanda.

“Kaka, viatu vya watu vimo ndani,” akasema. “Uwarudishie. Hapa sina ndugu mwingine.”

Nikapokea. Ningefanya nini?

Mke wangu ameketi jikoni, hajawasha moto. Kaniuliza nani aliyekwenda kusema. Nikajibu: watu. Akanikazia macho mpaka nikaanza kutafuta kitu chini ya meza.

Alhamisi, 14 Agosti

Foleni! Foleni mlangoni kwangu! Furaha ikadumu mpaka wa kwanza alipofungua mdomo. Wamefuata viatu vyao vya kwa Sindano.

Nimegawa kutwa. Kila jozi imekamilika, imepigwa rangi, imefungwa kamba pamoja isipotezane. Bibi mmoja alipokea vyake akaanza kulia. Nikamwambia mbona vimetengenezwa vizuri. Akasema ndicho kinachomliza. Hakuna aliyeniachia hata ndara.

Jioni redio tena. Nchi jirani imejibu. Sheria ileile, ni kama wameinakili na kubadilisha jina la nchi tu. Tena wamezuia mizigo mpakani. Mwaka jana mawaziri walikumbatiana kwenye televisheni, wanaitana ndugu! Sasa hata salamu hakuna. Na soli zangu zinatoka kule. Gundi pia. Gundi!

Jumamosi, 16 Agosti

Nimepika gundi yangu mwenyewe, ya unga wa ngano. Karani wa posta alifika kona tu, soli ikabaki nyuma. Amerudi nayo mkononi, na maneno ambayo siyaandiki.

Jioni hodi. Kaka yangu mkubwa! Amefukuzwa kule nchi jirani alikoishi tangu ujana wake. Kaja na mkewe, wanawe, godoro na mfuko wa zana. Amekonda. Mpakani, anasema, amepishana na watu wa kule wanaorudishwa kwao, kila upande na magodoro yake kichwani, na hakuna aliyemsalimia mwenzake.

Kasema aliyemchongea ni fundi mwenzake, jirani wa mlango kwa mlango. Kasema mtu kama huyo hawezi kupata usingizi. Nikamwambia hawezi kabisa. Mke wangu akaacha kula. Mimi nikamaliza haraka nikaenda kulala.

Jumatano, 20 Agosti

Mke wangu amempa kaka kibanda cha Sindano. Hakuniuliza. Siku hizi haniulizi kitu. Kaka ni fundi viatu pia. Baba alitufundisha sote wawili, ila kaka ndiye aliyekuwa akisikiliza. Anashona kwa mkono, hana haja ya gundi. Mwalimu mstaafu kashapeleka jozi. Karani wa posta naye. Hata yule bibi!

Alhamisi, 21 Agosti

Hakuna mteja. Nimeshinda dirishani nikimtazama kaka. Mtaa mzima uko kwake, mke wangu kampelekea chai.

Nimefikiri sana. Kaka ameishi kule mno. Anatamka maneno kama wao. Anatembea kama wao. Hata kicheko chake ni cha kule. Ukimtazama vizuri, huyu si raia hasa. Ni kweli tumezaliwa na mama mmoja na baba mmoja, lakini hayo ni mambo ya familia, afisa hayamhusu. Kesho asubuhi na mapema niko uhamiaji.