Ombi la Kung'oa Paa la Bwawa

Kwa Ndugu Meneja wa Bwawa la Ndani,

Pokea salamu zangu, nikiamini u mzima na pua yako inafanya kazi, ingawa ofisi yako iko ghorofani na sisi tuko huku chini tunavutishwa dawa. Mimi ni yule mzee wa taulo la kijani. Daktari alinituma kwako kwa ajili ya magoti. Magoti yamepona, Ndugu Meneja. Sasa naumwa vilivyobaki, kama ifuatavyo:

1. Macho. Nikikaa majini kidogo tu, hiyo dawa yenu ya klorini inanitoa machozi mpaka nyumbani. Jirani aliniona nayafuta getini, akaja na mkewe kunipa pole ya msiba. Walishakaa, walishainamisha vichwa. Ningewaambiaje kwamba hajafa mtu? Nikapokea. Mke wa mwanangu akanijia juu: "Baba, umemzika nani ambaye sisi hatumjui?"

2. Kifua kinapiga filimbi. Juzi kilipopiga, watoto wote wa darasa la kuogelea walitoka majini wakapanga mstari.

3. Nilimuuliza mwokoaji wenu kwa nini panawasha hivi. Akasema dawa peke yake haina ukali huo. Inachachamaa ikikutana na jasho na vile vingine ambavyo watu huacha majini kimyakimya. Nikasema, basi watu waoge kwanza kwa sabuni! Akanitazama. "Babu, na wewe umeoga?" Huyo hana adabu, naomba aonywe.

4. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kila nikianza kukohoa, yule mama mshonaji wa mapazia, mjane, mwenye kofia nyekundu ya kuogelea, huacha mazoezi yake, akanishika mkono mbele ya kadamnasi na kunitoa nje mpaka kwenye benchi. Hapo ananipepea kwa kandambili huku akinisema: "Mzee, mapafu yenyewe viraka, unashindana na nani?" Mwanamume mzima, napepewa kwa kandambili! Na hatuondoki mpaka nywele zake zikauke. Heshima yangu imekwisha.

Mliombwa mfungue madirisha ya juu, mkasema yameshikwa na kutu. Feni, mkasema inasubiri fundi. Basi nimewafikiria mimi. Kosa si la klorini, kosa ni kule kuwa ndani. Bwawa lingekuwa nje, mvuke ungejiendea zake. Na kwa kuwa bwawa halibebeki, naomba paa ling'olewe. Nitakuja mwenyewe kuwashikia ngazi. Mvua ikinyesha si neno, sisi tumeshalowa.

Nisalimie mkata tiketi, na anayezoa nywele mferejini, na hata huyo mwokoaji, ingawa hastahili.

Ni mimi ninayekulilia bila msiba,
Mzee wa Taulo la Kijani

N.B. Barua ilikuwa tayari ndani ya bahasha nilipomgusia mshonaji habari hii njema, tukiwa pale kwenye benchi. Hakufurahi. Alikung'uta kandambili yake, akaniuliza, "Sasa kikohozi kikiisha, hapa utakuja kufanya nini?" Tulikuwa nje, hewa safi tele, nikakohoa. Akaanza kunipepea. Kwa hiyo, Ndugu Meneja, paa liacheni. Madirisha yabaki na kutu yake, fundi wa feni asisumbuliwe. Na Alhamisi, siku ambayo mshonaji huwa hana wateja, kama haiwapi taabu, mtuongezee dawa kidogo.