Spana ya Zinki Yamtoa Babu Chuma Jasho

Kijiweni kwa Mama Kahawa, Kinyozi ndiye aliyesoma habari simuni, kikombe cha kahawa mkono wa pili. Kiwanda kimebuni upya spana ya mabomba. Zamani vipande vya kuungwaungwa. Sasa wanayeyusha mchanganyiko wa zinki, wanausukuma kwa nguvu ndani ya kalibu, chombo cha kuupa umbo, mwili na mpini vinatoka pamoja. Meno tu ndiyo ya chuma.

"Zinki!" Babu Chuma akabenua mdomo. "Kesho watatuletea nyundo ya sabuni."

"Tena nyepesi, Babu. Mke wangu anaikamata kwa mkono mmoja." Kinyozi akaichomoa ya kwake mkobani, inang'aa.

Babu akaivuta ya kwake karibu na miguu. Mtaa mzima ulikuwa na spana moja kubwa, yake, nzito kama mtoto aliyelala. Na haikuazimwa hivihivi: ilikwenda na mwenyewe. Bomba likivuja kwa watu, yeye huvutiwa kiti, akaelekeza, akakosoa, mpaka chakula kikaiva. Nani atamfukuza? Tangu afiwe na mkewe, hivyo ndivyo alivyokula akiwa na wa kuzungumza naye.

"Maneno ya nini?" Mama Kahawa akadakia. "Koki ya pipa langu imegoma. Haya, wanaume!"

Babu akaanza. Akavuta, akaguna, mishipa ikamsimama shingoni. Spana ikateleza, almanusura abusu pipa.

"Pole, injinia," akasema Fundi Viatu. "Labda pipa halikujua ni wewe."

Kinyozi akazungusha kwa yake mara moja. Krr! Koki ikalegea.

Kijiwe kikalipuka. "Babu, hiyo yako ipewe pensheni!"

"Ipigiwe mizinga kabisa, imelitumikia taifa!"

Babu alicheka nao, ila kwa meno tu.

"Mimi niwaache," Kinyozi akasema. "Bomba la jikoni linavuja, leo nalifunga mwenyewe."

"Mwenyewe?" Babu akajikohoza. "Na kitini atakaa nani?"

"Akae kufanya nini?"

"Kukwambia unakosea."

"Hilo mke wangu analiweza bila kukaa."

Wakaangua tena kicheko. Mama Kahawa peke yake hakucheka. Akaifuta koki yake taratibu.

"Mchukue, baba. Hicho kiwanda bado hakijatoa kalibu ya mgeni wa kitini."

Kinyozi akamtazama mzee, akakuna kichwa.

"Basi twende, Babu. Lakini hilo dude lako liache."

Babu alikuwa ameshavuka barabara kuelekea kwa Kinyozi, spana begani.