Mashine Iliyoachwa Nje ya Wasifu Wangu

Nyuma ya Adams Arcade,
Nairobi.

Kwa Bwana Musili Kimanzi, mpwa wangu mpendwa na Mwenyekiti wa Kamati ya Mazishi Yangu,

Nimeficha jambo tangu mwaka wa 1985: sina kumbukumbu, na sijawahi kuwa nayo. Kwa kuwa daktari amenipa wiki chache, na kamati yako imeanza kukutana kule Hurlingham bila kuningoja, naleta kwa heshima malalamiko yangu kuhusu rasimu ya wasifu mliyonitumia niipitie.

1. Ukurasa wa kwanza unasema Mungu alinijalia kipaji cha kutosahau. Mungu asisingiziwe. Kipaji kilikuwa mfukoni mwa koti: kompyuta ya mkononi kutoka Uingereza, nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, yenye kifuniko cha kuteleza na kioo cha mstari mmoja wa herufi kumi na sita. Kila asubuhi saa nne nilijifungia nayo ofisini dakika tano. Nilipotoka, nilimuuliza Wesonga wa masjala goti la mamake linaendeleaje, na Everlyn kama bintiye amefaulu mtihani. Watu walitokwa na machozi.

2. Hamkugusia historia ya ukoo wa mashine hiyo. Ya pili ilikuja na mistari miwili. Iliyofuata baadaye ikafunguka kama kasha la miwani. Nilizitamani zote, nikabaki na ya kwanza, kwa uaminifu ambao baadhi ya wanakamati wako hawajauonyesha nyumbani kwao.

3. Hamkueleza maajabu yake. Ukifuta neno, halitoki. Linajificha tu, hata betri ikiisha, ndani ya pakiti ya kumbukumbu inayochomekwa kwenye mashine, mpaka uichomoe na kuiweka chini ya taa maalumu ya miale. Nitajieni mwanakamati mmoja anayetunza neno hivyo.

4. Mke wangu Mukonyo amepewa mistari minne, mashine haina hata mmoja. Napendekeza Mukonyo abaki na mmoja, "ameacha mjane", ile mitatu ihamishiwe mashine.

5. Kwa hiyo naomba iwekewe kiti cha mbele, upande wa familia, ifungwe utepe mweusi, itangulie jeneza, na picha yake ikae kwenye jalada. Yangu itatosha nyuma, karibu na ratiba ya chakula.

Nilimsomea Mukonyo mpaka hapa. Alicheka hadi akaketi kitandani, kisha akanikumbusha dawa.

Nisalimie wanakamati wote, dada yangu Kanini, na yule mama wa maua ambaye jina lake limenitoka.

Ni mimi, ninayeondoka bila haraka,
Mjomba wako Bonifasi Nzioka

Baada ya sahihi: Ili picha ya jalada ipendeze, leo nimeitia mashine betri mpya, ya kwanza tangu mwaka ule ule nilipoinunua. Imewaka. Ndani mna maneno mawili tu, niliyoandika siku ya kwanza kabla vitufe havijanishinda: MUULIZE MUKONYO. Yametosha kwenye kioo, ikabaki nafasi ya herufi moja.

Mrudishieni mistari yake, Musili, na kiti, na jalada. Zile dakika tano za saa nne nilikuwa nampigia simu nyumbani.