Nyani Aliyeondoka na Ufunguo

Alhamisi, 9 Januari 2014. Riyadh.

Baridi! Nyumbani hawaamini nikiwaeleza kwamba jangwani watu hutetemeka. Ni rahisi tu: mchanga hupata joto upesi, na jioni huliachia lote. Dismas, muuguzi ninayeishi naye hapa Al-Suwaidi tangu tulipofika, amepata kafili mpya, mwajiri wa kumdhamini, huko Jeddah. Anahama. Kafunga sanduku huku akipiga mluzi. Mluzi! Nani atanisikiliza sasa?

Ila nina mpango. Juzi nilitazama filamu ya Kifini: marafiki wawili, gari bovu, theluji hadi madirishani. Wakakwama, wakatetemeka, wakajitambua, hawakuachana tena. Kumbe dawa ni kukwama! Nimemshauri aache ndege, nimpeleke kwa Corolla yangu. Kauliza, "Mwalimu, na mgongo wako huo?" Nikaanza kumfafanulia nafasi ya safari katika ukuaji wa nafsi. Akakubali kabla sijafika nusu.

Ijumaa, 10 Januari. Taif.

Njia nzima nimemweleza miamba. Kasinzia njia nzima. Kesho mlima wa Al-Hada: ukungu, upepo, Ufini kabisa. Tutakwama pale.

Jumamosi, 11 Januari. Al-Hada.

Tulisimama kutazama bonde. Dismas alipokwenda kupiga picha, niliuficha ufunguo ndani ya mfuko wa sambusa, nikatangaza kwamba umepotea. Nikauweka mfuko juu ya boneti ili nipapase koti langu kwa ufundi. Kosa! Nyani mmoja mzee, manyoya mabegani kama joho la kiongozi wa mahafali, akanyakua mfuko, akapanda jabali, akaanza kula.

Dismas akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia ufunguo umo humo. Kicheko kikakatika. Akataka kujua umefikaje humo. Nikaanza na tabia za nyani kwa ujumla. "Mwalimu, halas! Inatosha!"

Tukangoja gari la kukokota, blanketi moja, meno yakigongana. Nikasubiri ajitambue. Akasema tu kwamba kama sikutaka aende, si ningemwambia. Kumwambia! Mtu mzima, na shahada mbili! Kisha akanifunika mgongo kwa upande wake wa blanketi.

Jumapili, 12 Januari. Jeddah.

Jana tuliingia mjini tukiwa tumekokotwa, kwa barabara inayozunguka Makka, tunayotumia sisi Wakristo. Nilimweleza dereva kwa nini inapinda vile. Akaongeza sauti ya redio. Leo fundi kachonga ufunguo mpya.

Nyumba ya Dismas iko Aziziya. Vyumba viwili! Cha pili kina godoro gumu, kiti chenye mto wa mgongo, na ramani ya dunia ukutani. Nikauliza cha nani. Kasema alimwomba bosi nyumba kubwa kwa ajili ya mzee mmoja msumbufu, mgongo mbovu, anayeeleza hata jinsi maji yanavyochemka. Akistaafu kufundisha, asikose pa kufikia. Akanitazama kwa muda, akitabasamu. Nikamweleza kasoro za ramani ile.

Jumanne, 14 Januari. Riyadh.

Nyumba kimya. Nimechemsha chai ya watu wawili. Nimewaza sana. Maskini Dismas! Moyo wake mwema unamponza. Atahamiwa na mzee asiyejua kunyamaza, na watu wa aina hiyo nawafahamu: hawaondoki.

Lazima nimwokoe. Likizo ikifika nitamchukua tena hadi Al-Hada, tukwame vizuri mpaka ajitambue. Nimeshasahihisha kosa la kwanza. Ufunguo sitauficha tena kwenye sambusa.

Nitauficha kwenye ndizi.