Elieza wa Mlali na Vita vya Kuchagua Matairi ya Tela

Jongeeni, enyi wenye masikio! Mwenye chungu motoni na aepue, mwenye mtoto mgongoni na ambembeleze, na mwenye haraka na aende zake salama, kwani habari hii haisimuliwi kwa kukimbizana. Wengine wameimbiwa kwa kubomoa ngome na kuvuka mito iliyofurika. Hapa atatajwa Elieza mwana wa Methusela, Fahari ya Mlali, Mfunga Kamba za Magunia, aliyeingia Dodoma mjini na kofia tu mkononi, akatoka na matairi mawili ya tela.

Chanzo cha vita kilikuwa aibu. Msimu uliotangulia, tela lake lilikuwa likivutwa na trekta la Damas kuelekea Kongwa, limesheheni karanga, na juu ya magunia ameketi Bibi Evelina, mama mzazi wa Ruthu, mke wa Elieza. Sasa mkwe ni mkwe. Tangu siku ile Elieza alipopeleka ng'ombe wa mahari, hakuwahi kumtazama mama yule usoni, wala kumwambia neno pasipo kulipitisha kwa Ruthu. Walipofika korongoni, tairi la kushoto, lenye kipara kama yai, likapasuka kwa kishindo kilichowahamisha kanga porini. Tela likapiga goti. Bibi Evelina akateremka na gunia lake kama mtu aliyeitwa, akaketi vumbini miguu imenyooka, mbele ya macho ya mkwewe.

Hakuumia mfupa. Iliumia heshima.

Tangu hapo bibi yule, mwenye miaka sabini na ushee, alikwenda Kongwa kwa miguu, mzigo kichwani, tena katikati ya barabara ili asikose kuonekana. Kila aliyemwuliza, "Shikamoo bibi, mbona unatembea na mkweo ana tela?" alijibiwa, "Marahaba. Natembea kwa sababu nataka kufika."

Neno hilo lilimchoma Elieza kuliko mkuki. Akaapa mbele ya mkewe: "Ruthu, msimu huu mama atapanda tela, au tela lenyewe litapasuliwa kuni!" Akauza fahali mmoja, akamchukua Damas awe mshauri wake wa vita, wakapanda basi.

Nanyi mkumbuke, ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipofunguka baada ya ukame mrefu. Kabla ya hapo tairi lilikuwa kama mvua ya Agosti: ulisikia imenyesha kwa wengine. Ulitafuta kibali, na kabla ya kibali ukamtafuta anayemjua mtoa kibali. Na ukiona foleni ulijiunga kwanza, ndipo ukauliza wanagawa nini. Elieza alikuwa amehitimu katika shule hiyo. Kwa hiyo alipotia mguu katika duka la Ambokile pale Chang'ombe na kuliona tairi la kwanza, hakuuliza saizi wala bei. Alilirukia, akalikumbatia kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Shikamoo, baba," akasema Ambokile, muuzaji mnene aliyetoka Mbeya kufuata biashara. "Liachie. Halikimbii."

"Marahaba. Nikiliachia, atalichukua nani?"

"Hakuna wa kulichukua. Hilo la pikipiki. Geuka nyuma."

Elieza akageuka. Lo! Akaona ambayo baba zake hawakuyaona: matairi yamepangwa mpaka darini, ya Japani, ya Korea, yaliyopitia Dubai, mapya na yaliyotumika, yote yakiwangoja watu. Hapo ndipo hofu ya kweli ilipomwingia. Kupata alikujua, kukosa alikujua sana; kuchagua hakuwahi kufundishwa.

Kwanza akatoka shujaa wa upande wa adui: jozi mpya inayometameta, yenye kashata, yale meno ya mpira yanayong'ata barabara, yenye kina cha kufukia kidole. Damas akapandwa na jazba.

"Haya ndiyo, kaka! Tazama kashata! Haya hayakwami popote!"

"Bei?" akauliza Elieza.

Ambokile akataja. Ilikuwa fahali wawili na ndama.

Ikaja jozi ya pili, iliyotumika lakini nyeusi ti, kashata zimechorwa kama juzi, na bei yake nusu fahali. Damas akampiga kiwiko. "Lipa kabla hajabadili mawazo."

Mkono wa Elieza ulikuwa tayari mfukoni, maana mkono uliozoea foleni haungoji kichwa. Lakini akaliona vumbi la korongo lile, na miguu miwili ya mama mkwe imenyooka ndani yake. Mkono ukarudi mtupu. Akajiuliza: mimi najua kuchagua nini duniani? Na jibu likaja kama radi: ng'ombe! Mnadani hakuna aliyewahi kumdanganya mwana wa Methusela.

"Litembeze," akasema.

"Nani?"

"Tairi. Mimi sinunui mnyama aliyesimama."

Ambokile akacheka mpaka akashika meza, lakini mteja ni mteja. Tairi likasukumwa barabarani, Elieza akilifuata ameinama, kichwa upande, kama anavyotazama kwato. Mtaa ukasimama. Joha, fundi cherehani wa barazani, akaacha kushona.

"Mzee, limekunywa maji hilo?" akauliza Joha.

"Subiri, mama. Linachechemea."

Na kweli, kila mzunguko liliruka kidogo. Elieza akalilaza, akalipapasa ubavu, akakuta uvimbe wa ukubwa wa kiazi.

"Uuu! Lina mimba!" Joha akapiga kigelegele. "Ambokile, unamuuzia mzee wa watu tairi lenye mimba!"

Elieza akainua viganja vyake. Vilikuwa vyeusi kwa rangi ya viatu. Na zile kashata za kupendeza zilikuwa zimechongwa upya kwa kisu cha moto.

"Baba, hata mimi nimeuziwa hivyohivyo," Ambokile akanong'ona, jasho likimtoka.

Ndipo Elieza akapanda juu ya tofali, akahutubia. "Sikilizeni, watu wa Chang'ombe, na wewe Damas, mtumwa wa kashata! Trekta huvuta, nalo lina haki ya kutaka meno. Tela halivuti kitu, linavutwa, linabeba. Ng'ombe wa jembe hutazamwa shingo, punda wa mizigo hutazamwa mgongo. Nipeni migongo!"

"Anataka plai nyingi," Ambokile akawatafsiria watu, yaani yale matabaka ya nyuzi mwilini mwa tairi. Akazama stoo, akatoka na jozi yenye sura mbaya kuliko zote: imechujuka rangi, kashata zimelika nusu, lakini zimelika sawasawa; plai kumi, saizi moja, kampuni moja. Elieza akayatembeza: hayakuchechemea. Akayabinya ngozi: haikupasuka. Akayapiga teke: yeye ndiye aliyeumia. Bei ilianza fahali na mbuzi. Baada ya hotuba tatu na Joha kuingilia kati, ikashuka kuwa fahali peke yake, na tyubu mbili juu.

"Umenunua sura ya njaa," Damas akanung'unika njia nzima.

Siku ya safari ikafika. Bibi Evelina akasimama hatua tatu kutoka kwa mkwewe, uso ameuelekeza kwenye mti.

"Ruthu, mwulize mwenye tela, hayo matairi ni mazee kama mimi?"

"Ruthu, mwambie mama, yamezeeka, lakini mgongo upo."

Bibi akainua kanga, akapanda.

Kwenye korongo Elieza hakupumua. Tela likashuka, likalia, likayumba, likapanda. Hakuna kilichopasuka. Walipofika Kongwa, bibi akateremka kwa miguu yake mwenyewe, akajikung'uta, akasema, "Ruthu, mwambie mumeo wakati wa kurudi nitakaa mbele. Nyuma kuna vumbi."

Wakati wa kurudi! Elieza akavua kofia, akaishika kifuani.

Habari zikaenea Mlali yote kabla jua halijatua, na wazee wanaotunza hesabu ya miaka wakakaa, wakaupa mwaka ule jina: Mwaka Aliopanda Mkwe. Jambo hilo si dogo, maana majina mengine yote waliyokuwa nayo katika hesabu ile yalikuwa ya njaa.