Mtani Aliyekuja Kubadilisha Diski

Stephano hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Stephano alifunguliwa mlango, akakaribishwa kiti na chai, na wakati wa kuondoka akaombewa safari njema. Miaka sita tangu atoke Tabora, mji wa Morogoro ulikuwa umemlea vizuri. Alitembea na begi jeusi la fundi kompyuta na ulimi wa asali, na vyote viwili alivitunza.

Jumatano hiyo alikuwa anakatiza Mwembesongo kuelekea Msamvu alipoona kitu ndani ya studio ndogo ya video, miguu ikasimama yenyewe. Chini ya meza lilikaa likompyuta la zamani, jeusi, kubwa, la aina wanayotumia watu wa filamu na ramani, ubavu wake umeachwa wazi lipate hewa. Ndani mlikuwa na diski mbili. Stephano alizisoma akiwa mlangoni, bila kuinama, maana kwa mambo ya namna hiyo Mungu hakumnyima macho. Zilikuwa za ujazo mkubwa, zile ambazo Bonifasi wa Dumila, mfunga kamera za ulinzi, huzinunua bila kuuliza zimetoka wapi.

"Hodi!"

"Karibu." Mama wa makamo alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Jina lake Mwamvita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Picha au video?"

"Mimi fundi, mama. Mashine yako nimeisikia toka barabarani. Inaumwa hiyo."

Mwamvita akaweka ungo chini. Kweli iliumwa. Akiiwasha, alikwenda kubandika maharage, na akirudi aliikuta bado inajifikiria. Ilikuwa ya mjomba wake, marehemu Abdulmajid, aliyezunguka milima ya Uluguru na kamera miaka kumi na tano akipiga harusi na ngoma. Na kwa kuwa kwa Waluguru cha mjomba huenda kwa mtoto wa dada, mashine ikawa yake. Jumamosi ilikuwa arobaini. Ndugu wangeteremka kutoka Mkuyuni na Matombo, naye alikuwa amewaahidi kwamba watamwona mjomba na kumsikia tena. Lakini kila alipofungua video, mashine iliganda.

"Hizo video zikipotea," alisema, "nitakuwa nimemzika mara mbili."

"Hazipotei, mama. Tunabadilisha diski tu. Hizi za zamani zina sahani inazunguka ndani, imechoka. Mpya hazina kinachozunguka. Ukibonyeza tu, umefika. Malipo tutaongea baada ya arobaini, siwezi kudai msibani."

"Una roho nzuri. Kwenu wapi?"

"Tabora. Mimi Mnyamwezi."

Mwamvita akapiga makofi. "Asha! Asha, njoo! Mtani kajileta mwenyewe!"

Hapa yafaa tuvue kofia, tuseme kwa heshima. Wanyamwezi na Waluguru ni watani wa jadi, na mtani akifika penye msiba ana haki zake. Husema atakalo, huchukua cha marehemu asiulizwe, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Stephano alizijua haki hizo moja baada ya nyingine, na moyo ukamruka kwa furaha. Alichosahau ni kwamba mtani ana kazi zake pia.

Ujanja wake ulikuwa huu. Begini alikuwa na diski mbili mpya za kweli, nyembamba kama biskuti, ndizo mtaji wake mzima. Kila alipokwenda alizifunga, mteja akaona kompyuta inavyoruka, akashangilia. Kisha, katika kile alichokiita kukaza nati, alizichomoa na kuweka nyingine zenye lebo ile ile, ambazo ndani yake hamna kitu ila kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi ili zipate uzito wa heshima. Mteja aliambiwa asiwashe mpaka kesho yake, eti mashine izoee. Wapo wenye digrii waliokubali.

Lakini kunakili video za miaka kumi na tano si kazi ya dakika mbili, na Mwamvita alitaka kuhakikisha kila moja kwa macho yake. Mashine ikawa inanakili, fundi akawa hana la kufanya. Asha, jirani mwenye mdomo, akamletea shoka.

"Mtani hakai msibani kama bwana harusi. Kuni zile pale."

"Dada, mimi ni mtu wa kompyuta."

"Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Gogo la mwembe litakushinda?"

"Walibeba, na hapa njiani nyinyi Waluguru mkawauzia maji ya mto!"

Wanawake waliokuja kusaidia msibani wakacheka mpaka wakashikana. Kisha wakampa na ndoo, kwa kuwa amekumbusha maji. Siku mbili Stephano alipasua, akachota, akapakwa unga usoni. Mikono ilimtoka malengelenge, lakini alivumilia akiiwaza Dumila.

Ijumaa alasiri kazi ikaisha. Mwamvita akabonyeza, na kabla hajaondoa kidole, mjomba akatokea. Aliyekuwa nyuma ya kamera siku zote, siku hiyo alikuwa ameigeuza akajipiga mwenyewe, anacheka, anawaita watu waje kula. Mwamvita akalia kwa sauti. Hata Stephano ilimuuma, tena kweli, kwa muda wa kukohoa mara moja. Kisha akachukua bisibisi.

Watu wakifuta machozi, mikono yake ikamaliza shughuli. Diski za kweli zikaingia begini, za bandia zikakaa ndani, ubavu ukafungwa.

"Msiwashe mpaka kesho asubuhi, izoee. Na haya makongwe ya marehemu," akayainua juu, "mtani wake nayabeba!"

"Haki yake!" Vigelegele vikapigwa.

Akayatia begini, akainama kufunga kamba za viatu. Alipoinuka, Mwamvita alikuwa amekalia begi.

"Mama, begi langu."

"Begi gani? Mimi nimekalia kiti."

"Mama, nina haraka."

"Umechukua, na mimi nimechukua. Au mtani umekasirika?"

"Sijakasirika," alisema Stephano.

"Basi taja kilichomo, kimoja kimoja, watu wasikie. Utakachotaja nakupa."

Ulimi wa asali ukakauka. Akitaja diski mpya, itabidi aeleze zimetokaje ndani ya kompyuta aliyoifunga mbele ya watu wote.

"Bisibisi," alisema.

Mwamvita akapenyeza mkono, akampa. "Kingine?"

"Zile diski za zamani."

"Hizo zimeondoka kwa utani, zimerudi kwa utani. Kingine?" Akamwinamia, akanong'ona ili asikie yeye peke yake. "Mjomba alikuwa anapiga picha tu, mwanangu. Diski za mashine hii miaka yote nabadilisha mimi. Mpya ndizo nilizozikosa."

Stephano akaitia bisibisi yake mfukoni.

"Kingine hakuna, mama."

"Basi begi utalikomboa. Kesho kuna kuni."

Jumamosi alifika wa kwanza. Mchana kutwa alipasua kuni nyuma ya nyumba huku akimsikia Abdulmajid ndani, harusi baada ya harusi, bila kukwama hata mara moja, na watu wa Mkuyuni wakilia na kucheka. Magharibi Mwamvita alimletea begi lake, akamkabidhi kwa mikono miwili. Alikuwa amelifua, akalianika, akalikunja mara nne.