Skrubu za Saa Yangu na Pini ya Mwanasiti

Malindi, Jumatatu, 4 Agosti 1986
Binamu yangu ameniletea saa kutoka Dubai. Ya dhahabu! Pingili za mkanda wake zimeunganishwa kwa skrubu, si kwa pini kama saa ya rafiki yangu Abdulhalim. Nilimweleza hayo barazani. Akajibu kwamba kwa mkono wangu mwembamba, saa itaishia kwapani. Husuda! Alhamisi tunakwenda kwa Mbaruk kumposa dada yake, Mwanasiti, mjane kama mimi. Mshenga ni Abdulhalim. Hakuna mwingine anayenivumilia.

Jumanne, 5 Agosti
Saa imeishia kwapani. Abdulhalim anadai mkanda wake ulipunguzwa kwa nyundo na msumari, kabla chai haijapoa. Nikamwambia saa ya heshima haigongwi. Fundi wa sokoni? Hagusi saa yangu. Nina kisu cha jikoni.

Jumatano, 6 Agosti
Pingili mbili zimetoka! Ncha ya kisu imevunjika, kidole kimefungwa kitambaa. Skrubu ya kuunganishia imeingia nusu, ikagoma. Nusu yatosha. Skrubu ni skrubu.

Alhamisi, 7 Agosti
Fedheha. Mambo yalikwenda vyema hadi Fatiha. Niliinua mikono juu kuliko wote, saa ionekane. Skrubu ikachomoka. Saa ikatumbukia katika halwa. Abdulhalim akaitikia "Amin" kabla ya wakati. Nyuma ya pazia, kicheko. Kisha Mbaruk akaniletea pini ya mtandio, kichwa chake cha kijani: dada yake anasema mimi Bwanaheri niifunge saa, nisije nikaupoteza na mkono. Abdulhalim akaipenyeza, akaikunja. Ikashika barabara. Mlangoni akaniuliza, "Haya, sheikh, pini je?"

Ijumaa, 8 Agosti
Niende msikitini na pini, Abdulhalim akinitazama? Haiwezekani. Nimeichomoa, nikaitupa chooni. Nimerudisha skrubu kwa ubani uliotafunwa.

Jumamosi, 9 Agosti
Mwanasiti amekubali! Kasema mume anayeweza kuchekwa ndiye anayemfaa. Sharti moja tu: kesho nije kunywa chai, na pini yake ikiwa bado kwenye saa yangu.
Nimechungulia chooni. Tumaini hakuna.
Nimekwenda dukani. Za kijani zimekwisha. Nimenunua yenye kichwa chekundu. Abdulhalim alipoiona alikaa chini, akajifunika uso. Mtu wa kujisumbua na mambo madogo. Pini ni pini. Mwanamke gani atatazama kichwa chake?